Vidole vinne vya leni ya sita

Mpwa wangu alikuwa akitazama mbio za mita 200 kwenye runinga, akanigeukia: "Anko, mbona yule wa nje ameanzia mbele? Si huo ni wizi?" Nikamjibu kwa kifupi kwamba kona ya nje ni ndefu kuliko ya ndani. Akaridhika, akaendelea kutazama. Mimi sikuendelea, kwa sababu swali hilohilo liliwahi kuulizwa kwa ukali mbele ya uwanja mzima, na aliyeulizwa alikuwa Kocha.

Watu wa Kaloleni, hapa Nairobi, hawahitaji kuambiwa ninamsema nani. Alizaliwa pale miaka ya arobaini, nyumba za mawe zikiwa bado mpya, akaoa palepale, akalea palepale, na alipofariki tulimzika Lang'ata, hapahapa jijini, kwa sababu ndivyo alivyoagiza. Nairobi hii ukimuuliza mtu kwao ni wapi atakutajia ushago, kijijini kwa wazee wake, hata kama haendi huko ila kwenye matanga. Kocha alikuwa akijibu, "Kwetu ni hapa," basi. Mchana alikuwa mtu wa baraza la jiji, akishika tepu na kubeba fito za masavea wa barabara. Jioni alikuwa karani wa mtaa asiye na mshahara: fomu za vitambulisho, barua za kupeleka kwa chifu, na daftari la michango ya mazishi ambalo kila shilingi iliyoingia ilitiwa saini na watu wawili. Mwisho wa juma ulikuwa wa riadha. Wengi humkumbuka kwa lile daftari. Mimi humkumbuka kwa waya.

Ilikuwa 1988, mwaka mmoja baada ya uwanja wa Kasarani kufunguliwa kwa Michezo ya Afrika. Kule kulikuwa na tartani, ile sakafu ya mpira ya kukimbilia. Huku kwetu mashindano ya shule yalifanyika kwenye kiwanja cha mpira, juu ya ule udongo mweusi wa Eastlands unaopasuka jua likiwaka na kuvimba ukinyeshewa. Kiwanja cha namna hiyo hakiwezi kubeba mzunguko wa mita 400. Kinabeba wa mita 200 wenye leni sita, yaani njia sita za wakimbiaji, ukiwa na eneo la mita 93 kwa 53. Kocha alikuwa na vipimo vyake kichwani: sehemu mbili zilizonyooka za mita 40 kila moja, na kona mbili ambazo mstari wake wa ndani uko mita 18.90 kutoka kigingi cha katikati. Mkimbiaji hakanyagi mstari, hukimbia kama sentimita 20 nje yake, kwa hiyo nusu kipenyo halisi ni mita 19.10, na kila kona inakupa mita 60. Arobaini, sitini, arobaini, sitini.

Ijumaa ile alianza na mstatili wa mita 40 kwa 37.80. Pembe alizipata kama fundi wa ujenzi anavyozipata, mita 3 upande huu, 4 upande ule, na 5 kuzifunga. Kisha akapima kutoka pembe hadi pembe kwa mshazari. Mishazari yote miwili lazima isome mita 55.03. Mmoja ukizidi mwenzake, mstatili umelala na kona zako hazitakutana na mistari iliyonyooka. Kila sehemu muhimu alipigilia msumari mrefu uliopitishwa kwenye kifuniko cha soda, ukadidimia hadi usawa wa nyasi. "Chokaa ni nguo," alikuwa akituambia sisi watoto tuliobeba mikebe. "Misumari ndiyo mifupa."

Kona alizichora kwa waya wa chuma, si kamba. Nailoni ikivutwa inarefuka, na katani ikilowa inafupika. Nusu kipenyo kikikosewa kwa sentimita 10 tu, mzunguko mzima umekosewa kwa sentimita 63. Mwisho wa waya ulikuwa na pete kubwa iliyozunguka kigingi kwa ulegevu, maana ukifunga fundo linalobana, waya unajiviringisha kwenye chuma na kufupika kadiri unavyotembea. Vitambaa vyekundu vilifungwa kwenye 18.90, halafu kila mita 1.22 hadi 26.22. Yeye alivuta huku ameinama, waya ukigusa nyasi, kwa sababu ukivuta juu kigingi kinalala. Binti yake, kitinda mimba, ndiye aliyekuwa mkono wake wa kulia. Alisimama kwenye kigingi akakikanyaga kisiyumbe, na sisi tukafuata vitambaa na mikebe ya mafuta ya Kimbo iliyotobolewa matundu chini, tukitikisa chokaa. Chokaa iliyokwisha kuzimwa, nasisitiza. Ile hai inachoma, na watoto wengi walikimbia miguu mitupu.

Usiku ikanyesha. Alfajiri mistari ya kona ilikuwa imeyeyuka kama maziwa yaliyomwagika. Kocha alifika kabla ya kila mtu, akakuta misumari yote iko mahali pake, akapigilia tena vigingi viwili vya katikati kwenye matope na kuzungusha waya upya. Safari hii peke yake, kwa kuwa binti alikuwa anajiandaa. Angekimbia mita 200 za wasichana, na katika kura ya vikaratasi kwenye kofia alikuwa amechomoa namba sita.

Kwenye mzunguko wa mita 400 mwanya wa kuanzia kati ya leni na leni huonekana wa kawaida, kwa sababu mbio za mita 200 hupita kona moja tu. Kwenye mzunguko wa mita 200 zinapita kona mbili, na kila leni husogezwa mbele mita 7.67 kuliko iliyo ndani yake. Leni ya sita inaanzia mita 38.33 mbele ya ya kwanza, karibu nusu ya kona. Kwa mtu asiyejua, ni kama mmoja amekwisha kuondoka na wengine hawajaitwa.

Walipopangwa, uwanja ukazizima, kisha ukalipuka. Mwalimu mmoja wa shule iliyokuja kutoka nje ya mtaa akavuka kamba. "Mzee, huyu wa nje mmempa nusu ya uwanja! Na sote tunajua ni mtoto wa nani."

Kocha hakubishana. Aliwaomba wasichana wakae kwenye nyasi, akachukua tepu ya mita 50, akamkabidhi mwalimu ile ncha yenye pete. "Shika hii, Mwalimu. Weka sifuri kwenye mstari wake, wewe mwenyewe."

Akachukua kopo la misumari, akaanza kuipanga kwenye kona, sentimita 20 nje ya mstari wa ndani wa leni ya sita, msumari kila baada ya hatua moja fupi. Mtu akamwambia aharakishe, aweke michache. Akajibu bila kuinua kichwa kwamba tepu hainyumbuki kama mtu, misumari ikiwa kila mita 5 tepu itakata kona, na hadi mwisho utakuwa umedanganywa karibu sentimita 20. Akaendelea. Magoti ya suruali yake ya kazi yalikuwa meusi kwa tope. Tepu ikalazwa nje ya misumari, ikavutwa ikakaza. Hamsini ya kwanza ikamaliza mabaki ya kona na kuingia mita 9 kwenye sehemu iliyonyooka. Mwalimu akapigilia alama kwa mkono wake. Hamsini ya pili ikaingia kona ya mbali. Ya tatu ikawa kona tupu, na misumari ikaisha, ikabidi tukimbie kung'oa ile ya nyuma. Kufikia hapo watu walikuwa wameacha kelele, wanatembea pamoja na tepu, akina mama na wauza mahindi na wakimbiaji wa shule zote, kundi zima likisogea taratibu kuizunguka kona. Ya nne ikatoka kwenye kona, ikashika mstari wa nyumbani, ikanyooshwa.

Haikufika. Kati ya mwisho wa mita 200 na mstari wa kumalizia palibaki nafasi. Kocha akaweka mkono wake chini. Vidole vinne.

"Imezidi," akasema kwa sauti ya kusikika. "Atakimbia mita mia mbili na vidole vinne."

Mwalimu, namsifu kwa hili, ndiye aliyesema wa kwanza, "Basi msogezeni mbele." Mkewe Kocha, aliyekuwa kwenye sufuria za chai chini ya mti, naye akapaza sauti, "Baba, si umesikia? Msogeze!"

Kocha akakataa. Alieleza sababu palepale. Vigingi viwili vimelegea kwenye udongo uliovimba, na waya ukivutwa vinafuata mkono, kwa hiyo kona zote zimetoka kubwa kidogo, na leni zote zimezidi. "Nikimsogeza huyu peke yake, nimewaibia watano." Kupima zote sita kungekula mchana, na mbio za kupokezana vijiti zilikuwa zinasubiri. Kwenye kupokezana vijiti Kocha hakuwa na mzaha. Alikuwa na heshima ya pekee kwa Asati, Nyamau, Ouko na Sang, Wakenya walioshinda dhahabu ya Olimpiki ya kupokezana vijiti Munich 1972, na hakukubali mbio zile zifanyike gizani.

Filimbi ikalia. Binti alishika nafasi ya tatu, na waliosonga mbele walikuwa wawili. Aliyemtangulia alimwacha kwa hatua nzima, si kwa vidole.

Hapo ningeweza kuishia, lakini jioni ile Kocha alikaa mezani akapiga hesabu nyuma ya risiti. Vidole vinne ni kama sentimita 7. Leni ya sita, kwa kuwa inaanzia mbele, inapita sehemu ndogo ya duara kuliko ya kwanza. Kona zikipanuka sentimita moja na nusu, leni ya sita inazidi sentimita 7, lakini ya kwanza inazidi zaidi ya 9. Maana yake binti yake alikuwa amependelewa kwa sentimita 2 na ushei dhidi ya msichana wa leni ya kwanza. Jumatatu akaomba ruhusa kazini, akapanda basi hadi shule ya yule mwalimu kumwambia hivyo, na risiti akaiacha mezani kwake.

Mkewe hakulipenda jambo lile, na hajalipenda hadi leo. Husema mtoto alishindwa kwa haki mbele ya watu wote, kwa hiyo ni nini kilichombeba baba yake kwenda kumsemea tena kwa mgeni. Binti, ambaye siku hizi huchorea shule za mtaani viwanja, humtetea baba yake katika kila kitu isipokuwa hiki. Anasema vidole vinne alivielewa, na hata kukataliwa kusogezwa alikuelewa. Ila safari ya Jumatatu ilimhusu yeye, na hakuulizwa.

Mimi nawaona wote wana haki. Mtu aliyetunza daftari la michango kwa saini mbili asingeweza kulala na sentimita 2 mfukoni, hilo naliona wazi. Pia naona msichana wa miaka kumi na minne akisikia kutoka kwa wengine kwamba baba yake alipanda basi kwenda kumpunguzia nafasi ya tatu. Kocha mwenyewe hakulizungumza tena. Alichofanya ni kubadilisha vigingi. Msimu uliofuata alikuja na mabomba ya chuma ya futi tatu, yakazama hadi kubaki kiganja kimoja juu ya ardhi, na mvua ikinyesha usiku alikuwa akiyachimbua asubuhi, anajaza changarawe kwenye shimo, anashindilia, anapima mishazari yote miwili tena kabla ya mtu yeyote kugusa chokaa. Binti yake bado hufanya hivyohivyo.