Omena tatu, dakika tatu: kumfunza kilebu michezo nyumbani

Mtoto wa mbwa akifika wiki nane anaweza kuanza kufunzwa. Hapa Kisumu sioni haja ya biskuti za dukani wakati gorogoro (mkebe wa kupimia) ya omena, yaani dagaa, iko pale sokoni Kibuye. Harufu yake inamfikia hata ukiifumbata. Ioshe mchanga utoke, ichemshe kidogo, iache ipoe, kisha kata kila moja vipande vitatu. Kipande kiwe kama punje ya maharagwe. Kikiwa kikubwa atatafuna hadi asahau alichotunzwa kwacho. Maini ya kuchemsha pia yanafaa. Vitunguu, chokoleti na mifupa ya kuku iliyopikwa visimfikie kabisa.

Mfunze dakika tatu, mara mbili au tatu kwa siku, kabla hajala, asubuhi au jioni jua likiwa limepoa. Kama ameshinda kibandani, mfungulie kwanza akimbie na akojoe, la sivyo hatasikia lolote.

Anza na kukaa. Shika omena kwa vidole viwili mbele ya pua yake, uipandishe polepole kupita juu ya kichwa kuelekea mkiani. Pua ikipanda, makalio yanashuka yenyewe. Yakigusa sakafu tu, sema "Safi!" na umpe. Akiruka, mkono wako uko juu mno. Usimkandamize mgongo: atasukumana nawe badala ya kukaa.

Hiyo "Safi!" ndiyo kazi yote. Itamke sekunde ileile anapofanya unachotaka. Ukichelewa mpaka akasimama, umemtunza kwa kusimama, na wiki nzima utashangaa kwa nini anakaa na kuinuka papo hapo.

Salamu, yaani kukupa mguu wa mbele, huanzia kwenye ngumi. Fumbata omena, weka ngumi chini karibu na kifua chake, ukae kimya. Atanusa, atalamba, atajaribu kuguguna vidole. Vumilia, usifungue. Baada ya muda atachoka kutumia mdomo na kuinua mguu wa mbele. Kucha zikikugusa tu: "Safi!", na umpe kipande kutoka mkono wa pili. Rudia mara tano au sita. Kesho yake weka kiganja wazi, kitupu, mahali palepale, halafu ukipandishe kidogo kidogo, kisizidi usawa wa kifua chake. Wengi hukosea kwa kuushika mguu na kuutikisa. Vilebu wengi hawapendi kushikwa miguu, na ataacha kuutoa.

Kuzunguka ni rahisi: chora duara pana kwa omena usawa wa pua. Mtunze robo ya duara, kisha nusu, kisha lote. Mkono ukienda mbio, anakupoteza njiani.

Kubiringika kunahitaji siku kadhaa na gunia au mkeka, maana saruji inaumiza uti wa mgongo na vigae vinateleza. Akiwa amelala kifudifudi, peleka omena kutoka puani hadi begani ili ageuze shingo. Mtunze hapo. Siku inayofuata ivutie mbele zaidi hadi alale ubavu, kisha uivushe upande wa pili. Mbwa akilala chali anajiona hana kinga, kwa hiyo akisita rudi hatua moja, wala usimpindue kwa mikono. Michezo ya kusimama kwa miguu ya nyuma na kuruka juu iache kwanza. Viungo vyake bado vinakua.

Neno la amri lije mwisho, akishajua ishara ya mkono. Na nyumba nzima ikubaliane neno moja. Baba akisema "kaa", watoto "sit", nyanya "bed piny" ya Kijaluo, kilebu anasikia vitu vitatu tofauti na hatii hata kimoja.

Akishaweza, ondoa omena kwenye mkono wa ishara upesi, umtunze kutoka mfukoni, la sivyo atafanya kazi akiona chakula pekee. Usishangae akiweza sebuleni na kushindwa uani mbele ya kuku na wageni. Kwake uani ni mahali papya, amri ni kama hajawahi kuisikia. Mwonyeshe omena tena mara tatu hapohapo uani, kisha ujaribu mkono mtupu.