Kifua kilipona, mguu ndo ukatutesa

Mzee wangu alipofanyiwa baipasi ya moyo (upasuaji wa kuipitishia damu njia mpya pale mishipa ya moyo imeziba) wote tulikuwa tunaogopa kifua, kumbe kifua kilifunga vizuri tu, shida ikawa mguuni. Walimchana kutoka karibu na kifundo mpaka juu ya goti wakachukua ule mshipa mrefu wa kwenda kuuunga kwenye moyo, na vile ana sukari kidonda kikatunga usaha, tukaosha na kufunga wiki baada ya wiki na yeye amekaa kimya tu.

Tangu siku hizo nasoma haya mambo sana. Mshipa wa mguu alianza kuupa umaarufu daktari René Favaloro, Muargentina aliyekuwa Cleveland, Marekani, mwaka 1967. Tatizo lake haudumu kama ateri ya kifuani, mshipa mwingine unaotumika kwenye baipasi; ikifika miaka 10 karibu nusu inakuwa imeshaziba. Na sehemu ya hilo tatizo inaanza palepale mezani wakati unatolewa! Ndani ya mshipa kuna ngozi laini sana, ukivutwa, ukibanwa na koleo, ukijazwa maji kwa nguvu ili waone kama unavuja, hiyo ngozi inachubuka na damu inaanza kugandia hapo.

Siku hizi wanaweza kuutoa kwa kamera, tundu dogo tu karibu na goti. Mwaka 2009 ulitoka uchambuzi Marekani ukaonyesha mishipa iliyotolewa kwa kamera inaziba zaidi, watu wakashtuka, afu 2019 utafiti wa REGROUP wa wagonjwa 1,150 kwenye hospitali za wanajeshi wastaafu wa Marekani haukuona tofauti ya maana kwenye vifo na mshtuko wa moyo, na vidonda vya mguu vilivyopata maambukizi vilikuwa asilimia 1.4 dhidi ya 3.1 kwa waliochanwa. Ila waliotoa kwa kamera walikuwa wazoefu, hilo usilipite haraka.

Kule Örebro, Sweden, daktari Domingos Souza yeye alianzisha njia ya kuutoa na mafuta yake yanayouzunguka, bila kuujaza maji, na unadumu vizuri, lakini mguu unachanwa na kidonda kinasumbua zaidi. Kwa mtu wa sukari kama mzee mimi ningeomba kamera, kama mtoaji ana mkono uliozoea.

Na mara nyingi anayetoa mshipa sio daktari bingwa mwenyewe, ni msaidizi wake, wakati bingwa yuko kifuani. Sisi tulimuuliza bingwa maswali yote ya moyo, ya mguu hatukuuliza hata moja.