Jinsi tulivyopata nyumba ya familia katika kijiji cha Usambara

Nilipopata uhamisho wa kwenda kufundisha katika shule ya sekondari ya kata wilayani Lushoto, mume wangu, ambaye ni fundi seremala, aliona kwamba kazi yake ingehamia nasi bila tabu, kwa kuwa mbao za msindano kutoka shamba la miti la Shume zinapatikana huko kwa urahisi kuliko Tanga mjini tulikokuwa tukiishi. Suala gumu lilikuwa makazi. Tuna watoto watatu, na mama mkwe wangu, ambaye magoti yake hayamruhusu tena kupanda mlima, anaishi nasi. Tulitaka nyumba ya kununua, si ya kupanga, yenye eneo la kutosha kulima mboga, kufuga ng'ombe mmoja wa maziwa na kujenga karakana ndogo. Naandika jinsi tulivyoipata nikiwa na matumaini kwamba familia nyingine inayotafuta makazi kijijini, hasa sehemu za milimani, itapata la kuchukua.

Wengi waliotushauri walitutaka tutafute wakati wa kiangazi, barabara zikiwa kavu. Sisi tuliamua kupanga vyumba viwili karibu na shule kwanza na kuishi hapo kipindi chote cha masika ndipo tuanze kutazama nyumba kwa dhati. Katika Usambara Magharibi mvua za masika hunyesha kati ya Machi na Mei, na vuli hufuata kati ya Oktoba na Desemba. Udongo mwekundu wa miteremko hiyo ukilowa huteleza kiasi kwamba hata bodaboda hukataa kupanda, na mara nyingine kingo za milima hubomoka na kufunga njia. Mama aliyetupangisha alinieleza jambo hilo siku za mwanzo tu. "Mwalimu," aliniambia, "nyumba ya huku usiione mwezi wa saba peke yake. Ione na mwezi wa nne, ndipo utajua kama lori la mchanga litafika mlangoni au litamwaga mzigo kule bondeni, mbebe kwa vichwa." Tulifuata ushauri wake, na nyumba kadhaa ambazo madalali walikuwa wametutajia zilijiondoa zenyewe kwenye orodha kabla hatujauliza hata bei.

Masika hayo yalitufundisha pia kutazama jua. Ziko nyumba zilizojengwa upande wa mlima ambao jua huufikia karibu saa nne asubuhi na kuuacha mapema alasiri. Mgeni haoni tatizo, lakini ifikapo Juni na Julai, wakati baridi ya Lushoto inapokolea na ukungu kukaa bondeni, nguo hazikauki, kuta hutoa unyevu na watoto hukohoa. Kwa sababu ya afya ya mama mkwe, tuliweka sharti kwamba nyumba tutakayonunua lazima ipate jua la asubuhi, na kwamba kutoka barabarani hadi mlangoni pasiwe na mwinuko utakaomshinda akiwa na mkongojo wake. Masharti hayo mawili yalipunguza machaguo yetu kuliko hata fedha tuliyokuwa nayo.

Kuhusu maji, sikutegemea maneno ya wauzaji. Vijiji vingi vya huku hupata maji ya mserereko kutoka chemchemi za milimani, na miradi hiyo husimamiwa na vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii chini ya RUWASA, wakala wa maji na usafi wa mazingira vijijini ulioanzishwa kwa Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019. Nilikwenda kwenye vituo vya kuchotea maji asubuhi, nikapanga foleni na ndoo yangu pamoja na akina mama, nikawauliza ni miezi gani bomba hutoa maji kidogo na ni kitongoji gani huanza kukosa. Majibu yao yalilingana ajabu: vitongoji vilivyo juu ya tangi la mradi hukosa maji mara tu kiangazi kinapoanza, na walio chini hawapati shida isipokuwa bomba likipasuka. Tangu hapo, kila tulipoonyeshwa nyumba, swali letu la kwanza lilikuwa kama iko juu au chini ya tangi. La pili lilikuwa paa. Paa la bati lenye eneo la mita za mraba 80 hupokea lita 800 kwa mvua ya milimita 10, kwa hiyo nyumba yenye bati zima inaweza kujaza tangi la lita 5,000 katika siku chache za masika, mradi mifereji ya kukingia ifungwe vizuri.

Nyumba mbili tulizipenda sana tukaziacha. Ya kwanza ilikuwa kando ya mto, ina bustani ya kabichi na karoti inayomwagiliwa mwaka mzima, na bei yake ilikuwa ya chini kiasi cha kutushangaza. Mume wangu alipima kwa hatua kutoka ukingo wa mto hadi ukuta wa jikoni, akaona haifiki mita 60, umbali ambao Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza ndani yake shughuli za kudumu zinazoweza kuharibu mto. Nyumba ambayo siku yoyote tungeweza kuamriwa kuihama haikutufaa. Ya pili ilikuwa nyumba imara ya marehemu mmoja, iliyokuwa ikiuzwa na mwanawe mkubwa. Tulimwomba atuonyeshe uthibitisho kwamba mahakama imemteua kuwa msimamizi wa mirathi. Hakuwa nao, na siku ile ile dada yake alitufuata njiani akatuambia kwa upole kwamba yeye na wadogo zake hawajakubali kuuza. Tulimshukuru, tukarudi nyumbani. Nasikitika kuona familia zikigawanyika kwa jambo ambalo Mahakama ya Mwanzo ingeweza kulinyoosha, na nawasihi wanunuzi wasiwe sababu ya kuongeza mgawanyiko huo.

Nyumba tuliyoinunua hatimaye haikuletwa na dalali. Mwenyekiti wa kitongoji, ambaye tulikuwa tumemtembelea na kumweleza wazi sisi ni akina nani na tunataka nini, ndiye aliyetupeleka kwa mzee mmoja na mkewe waliotaka kuhamia kwa binti yao Korogwe. Ina vyumba vinne, kuta za matofali ya kuchoma, jiko la nje, choo cha shimo, na eneo la takriban robo tatu ya ekari linaloshuka kwa matuta. Iko chini ya tangi la maji, inapata jua kuanzia asubuhi, na njia ya kutoka barabarani ni tambarare isipokuwa ngazi chache za mawe karibu na mlango.

Hapo ujuzi wa mume wangu ulitusaidia sana. Alianza nje, nyuma ya nyumba, mahali ambapo wanunuzi wengi hawafiki. Nyumba za milimani hujengwa kwa kuchimba mteremko ili kupata kiwanja, na ukuta wa nyuma hubaki ukitazamana na kingo ya udongo; maji yanayoshuka yasipokuwa na mtaro, huingia chini ya msingi mwaka baada ya mwaka. Alikuta mtaro upo, umejengwa kwa mawe, lakini umejaa majani na udongo, na ukuta jirani yake una alama ya unyevu inayofika magotini. Kisha alichukua bisibisi akakwangua katikati ya matofali: tabaka la nje lilikuwa saruji, la ndani udongo mtupu. Alipanda darini, akachoma kila mguu wa kenchi kwa ncha ya bisibisi hiyo hiyo, na miwili upande wa magharibi ikaingia kwa urahisi kwa sababu mchwa walikuwa wameshaila. Juu ya mlango wa sebuleni palikuwa na ufa mwembamba unaopanda kwa mshazari. Aliuwekea alama ya penseli mwanzo na mwisho, na mzee akaturuhusu kurudi baada ya wiki kadhaa za mvua kuutazama. Haukuwa umesogea. Tulipiga hesabu ya gharama ya kubadili kenchi, kufukua mtaro na kupiga upya lipu ya nyuma, tukamwonyesha mzee hesabu hiyo mstari kwa mstari, naye akapunguza bei bila mabishano, kwa kuwa kila kitu kilikuwa mbele ya macho yake.

Kazi kubwa zaidi ilikuwa ya ardhi yenyewe, na hapa nataka kuandika kwa urefu kidogo. Ardhi ya kijiji husimamiwa na Halmashauri ya Kijiji kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999, na mtu asiye mkazi hawezi kumaliza mambo kwa kuandikiana karatasi na muuzaji chini ya mwembe. Tulimwomba Mtendaji wa Kijiji atueleze utaratibu, tukaandika barua ya kuomba kupokelewa kama wakazi, na ombi la mzee la kutuhamishia haki yake likapelekwa kwenye kikao cha halmashauri. Kabla ya kikao, wajumbe walikuja kupita mipakani pamoja na majirani wa pande zote nne. Mpaka wa huku huoneshwa kwa masale, mimea inayopandwa kama alama, na upande wa juu masale matatu yalikuwa yamekauka. Kijana wa jirani aliamini mpaka unapita chini zaidi. Bibi yake, aliyekuwa amesimama kimya akiegemea jembe, alisogea, akachimba kidogo mahali palipokuwa pamefunikwa na nyasi, na jiwe bapa likaonekana. "Hili aliliweka babu yako na huyu mzee," alimwambia mjukuu wake, "nami niliwapikia siku hiyo." Kijana alikubali, tukapanda masale mapya hapo hapo wote wakishuhudia, na Mtendaji akaandika katika muhtasari wake. Ramani yoyote ambayo ningeletewa isingenipa utulivu niliopata kutokana na jiwe lile na mashahidi wale.

Katika kikao, mwenyekiti alimwita mke wa mzee na kumuuliza mbele ya wajumbe wote kama anakubali nyumba iuzwe. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ridhaa ya mwenzi kabla ya nyumba ya ndoa kuuzwa, na mama yule alijibu kwa sauti iliyosikika hadi nje kwamba ameridhia na kwamba fedha wataigawana. Nilifarijika mno. Nilikuwa nimeshaomba nafasi ya kuzungumza naye peke yetu siku za nyuma, kwa sababu sikutaka watoto wangu walale katika nyumba iliyomtoa mwanamke mwingine bila hiari yake. Kwa upande wetu tuliomba majina yetu wawili yaandikwe, langu na la mume wangu. Sheria hiyo ya ardhi inasema waziwazi kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi, na hakuna mjumbe aliyepinga.

Malipo tuliyafanya kwa njia ya benki, kwa awamu mbili: ya kwanza baada ya halmashauri kuidhinisha, na ya pili siku tuliyokabidhiwa funguo. Mkataba uliandikwa kwa Kiswahili, ukataja majirani wa kila upande kwa majina, ukasainiwa na wauzaji wote wawili, sisi wote wawili, mashahidi wa kila upande, mwenyekiti na Mtendaji, na kupigwa muhuri wa kijiji. Ada tuliyotozwa ofisini tulipewa stakabadhi yake. Umeme ulikuwa rahisi kuliko nilivyohofia: nguzo ilikuwa karibu, kwa hiyo tulilipa shilingi 27,000 za kuunganishiwa kwa wateja wa vijijini, pamoja na gharama ya fundi wa nyaya za ndani.

Kwa kuwa kijiji chetu kina Cheti cha Ardhi ya Kijiji na masjala yake, tuliweza pia kuomba Hati ya Hakimiliki ya Kimila, yaani hati rasmi ya kumiliki eneo katika ardhi ya kijiji. Wapimaji walichukua alama za pembe zote, majirani wakasaini tena, na fomu zikaenda kwa Afisa Ardhi wa wilaya kusajiliwa. Hati ilipotoka niliisoma neno kwa neno palepale ofisini, nikilinganisha majina, ukubwa wa eneo na majirani waliotajwa, kabla ya kusaini kwamba nimeipokea. Nakala moja ipo masjala ya kijiji, na yetu tumeihifadhi pamoja na mkataba na stakabadhi. Kenchi zimebadilishwa, mtaro unafukuliwa kila mwanzo wa mvua, na kazi iliyobaki ni kufunga mifereji ya paa na kununua tangi kabla ya vuli kuanza.