Namba 8 haisemi kitu: pakeji za SSIS na seva iliyobaki 2016

Seva yetu ya ghala la data ni SQL Server 2016. Inafanya kazi vizuri, na kila usiku inapokea mauzo ya matawi ya Mwanza, Mbeya, Arusha, Tanga na hapa Dar. Sina ugomvi nayo. Shida ni kwamba kila kinachoizunguka kimekuwa kipya. Laptopu za vijana zina Visual Studio 2019, programu ya kusimamia seva kila mtu anayo ya toleo lake, na katikati ziko pakeji za Integration Services, SSIS kwa waliozoeana nayo, yaani kazi za kuhamisha na kupanga data, ambazo zinazaliwa kwenye mashine ya kisasa halafu zinapelekwa kuishi kwa mzee.

Safari hii ilikuwa pakeji ya bei. Kijana wetu wa data aliongeza safuwima moja tu, akaijaribu kwenye mashine yake, alama za kijani juu mpaka chini. Akaipandisha kwenye katalogi ya SSISDB, hifadhi ya pakeji ndani ya seva, ikapanda kimya kimya. Usiku ikaanguka. Asubuhi nikakuta ujumbe: "Shikamoo dada. Ile pakeji imekataa, inasema skripti ni ya toleo 16.0 na hapa halikubaliki. Niiandike upya?"

Marahaba, na usiandike upya chochote.

Ujumbe wa kosa hilo ndio unaowapoteza watu, kwa sababu unatoa na ushauri. Unasema Script Task fulani, yaani kisanduku cha msimbo ndani ya pakeji, inatumia skripti ya toleo ambalo Integration Services hii haiwezi kuliendesha, kwa hiyo tengeneza skripti mpya. Mtu mtiifu anafuta kisanduku, anaweka kingine, anabandika msimbo ule ule, anajenga, anapandisha, na usiku anakataliwa kwa maneno yale yale. Msimbo hauna kosa lolote. Mhuri uliogongwa juu yake ndio si wa ofisi hii, na ukiandika barua upya ukaipeleka kwa karani yule yule, itatoka na mhuri ule ule.

Kinachozidi kuchanganya ni kwamba pakeji nyingine za mradi ule ule, zilizopanda siku ile ile, zilikuwa zinakimbia bila tatizo. Sababu ni nyepesi: hazina skripti ndani. Lakini ukiangalia kwa haraka unaona pakeji moja mbovu kati ya nyingi nzima, kumbe mradi wote umejengwa kwa ajili ya seva nyingine, na hii moja ndiyo pekee yenye kitu cha kuisaliti.

Mimi nikifika hapo naacha kusoma ujumbe, nafungua faili. Watu wengi wanaotumia SSIS kila siku hawajawahi kufungua faili la dtsx, ambalo ndilo pakeji yenyewe, kwa Notepad. Ni XML tupu, maandishi yenye lebo, inasomeka. Karibu kabisa na juu utakuta PackageFormatVersion na namba yake. Pakeji za 2005 zina 2, za 2008 na 2008 R2 zina 3, za 2012 zina 6, za 2014 zina 8. Halafu namba ikagoma hapo: 2016 ni 8, 2017 ni 8, 2019 ni 8.

Zamani namba hii ilikuwa msaada mkubwa. Ukipeleka pakeji ya 8 kwenye seva ya 2012 inayoishia 6, unapigwa na kosa 0xC001700A, linalokuambia namba ya toleo la pakeji haiwezi kuzidi toleo lililopo. Hilo ni kosa la kiungwana. Linakutaja, linataja seva, linakuzuia mlangoni. Kuanzia 2014 mlinzi wa mlangoni anaona 8 kwa kila mtu na anawapitisha wote. Ndiyo maana pakeji yetu ilipanda kimya kimya ikaja kuangukia ndani, usiku, watu wamelala.

Namba yenye maana kwenye kesi hii iko chini zaidi, kwenye sehemu ya ScriptProject, inaitwa VSTAMajorVersion. Hiyo ni injini ya kuendeshea skripti. SQL Server 2016 inakuja na 14, 2017 inakuja na 15, 2019 inakuja na 16. Na hapo kuna mtego ambao kijana wetu aliuingia kwa nia njema kabisa. Alijua kwamba ndani ya Microsoft matoleo ya SQL Server yana namba zake: 11 ni 2012, 12 ni 2014, 13 ni 2016, 14 ni 2017, 15 ni 2019, 16 ni 2022. Akaona 16.0 kwenye kosa, akahitimisha kwamba pakeji imejengwa kwa ajili ya 2022, na akaanza kutafuta 2022 imeingilia wapi kwenye laptopu yake. Haikuwepo. Ile 16 ni ya injini ya skripti, na injini ya 16 ni ya SQL Server 2019. Hesabu mbili zinazopishana hatua moja, zote zimeandikwa bila jina la mwenyewe. Sidhani kuna anayeweza kulijua hilo kwa kubahatisha.

Kwa hiyo mradi ulikuwa umelengwa kwa 2019. Linalopanga hilo ni TargetServerVersion, ambalo lipo kwenye faili la mradi lenyewe, lile la dtproj, na kwenye Visual Studio unalipata kwenye sifa za mradi, sehemu ya General. Lilikuja na zana za Visual Studio 2015. Kabla ya hapo kila seva ilikuwa na Visual Studio yake: pakeji za 2005 na Visual Studio 2005, za 2008 na Visual Studio 2008, na mtu mwenye wateja wawili wa umri tofauti alitembea na laptopu iliyojaa hadi haipumui. Sasa zana moja inajenga kwa matoleo kadhaa, ilimradi umeiambia ni lipi. Usipoiambia, itakuchagulia yenyewe.

Tukaweka SQL Server 2016. Kabla ya kubofya sawa, weka nakala ya mradi mzima kwenye Git, hifadhi inayotunza kila toleo la faili, kwa sababu badiliko hilo si alama tu, linaandika upya pakeji zote za mradi. Ukishuka toleo, kitu ambacho toleo la chini halikijui hakina pa kwenda. Sisi tulikagua tofauti faili kwa faili, tukaona majina ya vijenzi yamebadilika na namba za skripti zimeshuka kutoka 16 hadi 14. Safi.

Akapandisha. Ikakataa. Kosa lile lile, 16.0 ile ile.

"Dada, nimeshaweka 2016, naapa."

Namwamini. Nilikuwa nimeiona kwa macho yangu. Kama faili la kwenye laptopu ni 14 na seva inalalamikia 16, basi faili limebadilikia njiani, na kitu pekee kilichokuwa njiani ni kile kilicholibeba. Nikamuuliza amepandisha kwa njia gani. Akasema kama kawaida: anafungua Management Studio, ile programu ya kusimamia seva, ya laptopu yake, anakwenda kwenye folda ya mradi chini ya katalogi, anabofya upande wa kulia, anachagua kupandisha mradi.

Hapo ndipo penye utamu wa hadithi hii. Management Studio mpya ina programu yake ya kupandishia, na hiyo programu haibebi tu. Ikipokea mradi wa toleo la chini, inaupandisha toleo hadi la kwake kabla ya kuukabidhi kwa seva. Haikuulizi chochote. Umekaa Visual Studio nusu saa unashusha, mbebaji anapandisha kwa sekunde tatu.

Usinisadiki kwa maneno, jithibitishie. Matokeo ya kujenga mradi ni faili la ispac, na ispac ni zip iliyovaa jina lingine. Ibadilishe jina iwe zip, ifungue, utaona pakeji zako zote ndani, vigezo vya mradi, na orodha ya vilivyomo. Halafu nenda kwenye katalogi, bofya mradi uliokwisha panda, uagize nje, utapewa ispac nyingine, ile ambayo seva inaitumia kweli. Ifungue nayo. Tulizipanga mbili hizo bega kwa bega: ya laptopu 14, ya seva 16. Mabishano yakaisha palepale. Tangu hapo mtu akiniambia "lakini mimi nilipandisha sahihi" simjibu, namwomba ispac ya seva.

Dawa yake ni kutumia mbebaji wa umri wa seva. Ndani ya seva yenyewe, kwenye C:\Program Files\Microsoft SQL Server, kuna folda zenye namba: 110 ni ya 2012, 120 ya 2014, 130 ya 2016, 140 ya 2017, 150 ya 2019. Ingia 130, kisha DTS, kisha Binn, utakuta ISDeploymentWizard.exe. Hiyo inapeleka mradi wa 2016 ukiwa wa 2016. Kupandisha kutoka ndani ya Visual Studio nako kunafaa, mradi ukiwa umelengwa vizuri. Mimi napendelea njia ya tatu, ya amri: unasoma ispac kama baiti kwa amri ya SQL ya OPENROWSET, unaikabidhi kwa catalog.deploy_project, utaratibu wa katalogi wa kupokea miradi. Haina madirisha ya kubofya, inaandikika kwenye faili likahifadhiwa Git, na ispac inafika kama ilivyotoka. Kijana hakupenda mwanzoni, alisema madirisha ni rahisi. Ni rahisi, ndiyo.

Usiku ule ikakimbia hadi kwenye hatua ya Excel, halafu ikaanguka kwa jambo jingine kabisa: 0xC0209303, Microsoft.ACE.OLEDB.12.0, draiva ya kusomea Excel, haijasajiliwa. Tawi moja bado linaleta bei kwa Excel, na mtu wa huko ni mtu mzima ambaye hakuna wa kumwambia abadilishe.

Huu ni mgogoro wa biti. Visual Studio 2019 ni programu ya biti 32, kwa hiyo ukiwa unachora pakeji inaona draiva za biti 32 tu. Seva inaendesha pakeji kwa biti 64, inatafuta draiva ya biti 64. Laptopu ikiwa na moja na seva haina ya pili, pakeji ni nzima kwako na maiti kwa mwenzio. Wengi hukimbilia Run64BitRuntime kwenye sifa za mradi, wanaiweka False, wanapandisha, wanashangaa. Kipengele hicho kinahusu kujaribia ndani ya Visual Studio peke yake; hakisafiri na pakeji. Kwenye seva unachagua mahali pengine: hatua ya kazi kwenye SQL Server Agent, mpangaji wa kazi za seva, ina kisanduku cha kuendesha kwa biti 32, na ukianzisha kwa catalog.create_execution kuna kigezo chake, @use32bitruntime. Sisi tulisakinisha draiva ya biti 64 kwenye seva tukamaliza. Angalia tu kama kuna Office ya biti 32 kwenye mashine hiyo, maana visakinishi hivyo vya biti tofauti havipendi kukaa nyumba moja. Na kwenye seva, kwa maoni yangu, Office haina kazi ya kufanya.

Kama unaendesha kwa dtexec, programu ya kuendeshea pakeji, kutoka mstari wa amri, andika kwanza "where dtexec" uone ni ipi inaitika. Mashine yenye matoleo mawili ya SQL Server au biti zote mbili itakupa ile iliyotangulia kwenye PATH, orodha ya folda ambamo Windows hutafuta programu, si ile uliyoifikiria. Mimi huandika njia nzima hadi kwenye 130 na kuifunga kwa nukuu, basi.

Wanaovuta data kutoka Oracle nao wana yao. Konekta za Attunity, zinazounganisha SSIS na Oracle, zimefungwa na toleo la SQL Server: 4.0 kwa 2016, 5.0 kwa 2017. Laptopu iwe na inayolingana na toleo ulilolenga, seva iwe na hiyo hiyo.

Bosi aliposikia yote haya alisema jambo ambalo mabosi wote husema: si tuiboreshe seva tu? Nilimjibu kwamba tutaiboresha, kwa kuwa usaidizi wa 2016 una mwisho wake, 14 Julai 2026, ila hiyo si dawa ya tatizo hili. Siku tutakapokuwa 2022, laptopu zitakuwa zimeshasogea mbele tena. Na 2022 inakuja na lake: SQL Server Native Client, draiva ya zamani ya kuunganishia seva, haimo tena ndani yake, na nimepekua pakeji zetu nikakuta jina lake, SQLNCLI11, kwenye miunganisho mingi kuliko nilivyopenda. Zile zote ni za kuhamishia MSOLEDBSQL, draiva mpya, kabla ya kuigusa seva. Kijana ameanza na za Mbeya.