Dansa akiteguka, usimrudishe nyumbani

Muulize dansa wa miaka 15 yeye ni nani, atakujibu "mimi dansa" kabla hajataja jina. Raha tupu, mpaka kifundo cha mguu kiteguke. Ghafla hana kundi wala ratiba, na jioni hajui aende wapi. Mwalimu anamwambia "kapumzike, ukipona urudi", na hapo ndipo anapompoteza. Aje siku zilezile. Akae kwenye spika, awahesabie wenzake hadi nane, awafundishe wadogo mikono. Kinachouma ni mguu. Nafasi yake kundini ibaki palepale.

Kioo cha ukumbi wa mazoezi nacho kina lawama. Anayejitazama saa 2 mfululizo huacha kuusikiliza mwili, akaanza kuukagua. Unganisha kanga mbili kwa pini, ukifunike dakika 20 za kwanza, wakati wa kupasha mwili na kujifunza hatua mpya. Watalalamika wamepotea. Kweli wamepotea: macho yalikuwa yakifanya kazi ya miguu. Kifunue mnapopanga mistari tu. Video iwe moja, mwisho wa mazoezi.

"Tumbo hilo!" si sahihisho. "Inua mbavu, shusha mabega" ndilo, kwa sababu linatendeka. "Unacheza kama demu" huwafukuza wavulana kimyakimya, wakati kwenye ngoma ya sindimba ya Wamakonde wanaume nao wanakata kiuno. Mara moja kwa wiki badilishaneni sehemu, kila mtu acheze ya mwenzake, na asiulizwe kwa nini kaipenda.

Msichana akikosa hedhi miezi 3 mfululizo, au dansa yeyote akiumia mifupa mara kwa mara na kukwepa kula na wenzake, huenda chakula hakilingani na mazoezi. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilielezea hali hii mwaka 2014, na ilisema wazi kuwa wanaume nao huipata. Mpelekeni kituo cha afya. Msimhutubie lishe mbele ya kundi.

Halafu hili la kuulizana. "Uko sawa?" jibu lake ni "poa", siku zote. Muulize jana alilala saa ngapi, alikula na nani, kisha unyamaze. Akigusia kujidhuru, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua; swali hilo halimpandikizii wazo. Usimwahidi kutunza siri, usimwache peke yake, tafuteni mtu mzima anayemwamini. Tanzania na Kenya, 116 ni namba ya bure ya kusaidia watoto.