Swali Nililolifuta

Mwaka wangu wa kwanza kusimamia uchunguzi wa kingamwili, yaani protini ambazo mwili huunda kupambana na vijidudu, kazi yangu ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba, kuchukua damu kidogo kwa kila aliyeridhia, kisha kupima ni wangapi waliwahi kuambukizwa virusi vya dengue, homa inayoenezwa na mbu. Kumbukumbu za hospitali hazikutosha, kwa kuwa wengi wanaoambukizwa hawaugui kabisa, na homa ya wanaougua hufanana na homa nyingine nyingi. Damu ndiyo hutunza habari hizo: kingamwili za IgM hufifia baada ya miezi michache, ilhali za IgG hudumu miaka na miaka.

Dodoso letu lilikuwa refu na watu walichoka kabla hata ya sindano, nami nikalipunguza. Kati ya maswali niliyoyafuta lilikuwamo la chanjo ya homa ya manjano.

Jioni ya vipimo sijaisahau. Tulipodondosha asidi katika sahani ya visima 96, rangi ya samawati, iliyojitokeza palipokuwa na kingamwili, iligeuka manjano, kisima baada ya kisima. Nilipopanga matokeo kwa umri, karibu watu wazima wote walikuwa na kingamwili na karibu watoto wote hawakuwa nazo. Nikaandika rasimu kwamba mlipuko mkubwa wa dengue ulipita zamani ukakoma. Bibi mmoja, ambaye kisima chake kilikolea kuliko vyote, alikuwa ameniambia siku ya kutoa damu, "Mwanangu, homa hiyo mimi siijui." Nilidhani amesahau.

Fundi mkongwe wa maabara aliisoma rasimu, akauliza jambo moja tu: "Hawa walichanjwa homa ya manjano lini?" Sikuwa na jibu. Virusi hivyo viwili ni vya ukoo mmoja, na kipimo chetu kingeweza kuzichukua kingamwili za kimoja kuwa za kingine. Nilijua hayo tangu masomoni. Ndiyo maana yaliniuma. Isitoshe, ilikuwa imekwisha kudhihirika mwaka 2017 kwamba chanjo ya kwanza ya dengue iliyoidhinishwa huongeza hatari ya ugonjwa mkali kwa mtu ambaye hajawahi kuambukizwa, kwa hiyo takwimu yenye kosa kama langu ingeweza kuwadhuru watu.

Nilirudi kila nyumba. Bibi alifungua kitambaa, akatoa kadi ya manjano iliyochakaa mikunjoni, yenye muhuri wa kampeni ya chanjo ya miaka mingi iliyopita. Baadaye tulichanganya seramu, yaani maji ya damu yaliyotengwa na chembe zake, na virusi hai vya dengue, na kando na vya homa ya manjano, tukamimina juu ya seli, tukangoja siku kadhaa, kisha tukazipaka rangi ya zambarau. Kila mahali virusi vilipoua seli pakabaki tundu jeupe; pale kingamwili zilipovizuia virusi, matundu hayakutokea. Seramu ya bibi ilifuta matundu ya homa ya manjano na kuyaacha yale ya dengue kama yalivyo, na ndivyo ilivyokuwa kwa wengi wa rika lake.

Hata hivyo, watoto wachache, waliozaliwa baada ya kampeni na ambao hawakuwahi kuchanjwa, seramu zao zilifuta matundu ya dengue peke yake. Dengue ilikuwapo, tena ya karibuni, na katika rasimu yangu watoto hao walikuwa wamefunikwa na wingi wa watu wazima. Niliiandika ripoti upya nikianzia kwao, na lile swali nikalirudisha ukurasa wa kwanza wa dodoso.