Kibaba cha Mfuto

Julai 2015 nilikuwa nafundisha darasa la tatu Tanga mjini. Tulikuwa kumi la mwisho la Ramadhani, na jedwali la nne lilikuwa limewashinda watoto. Walikariri vizuri hadi nne mara tano, kisha sauti zikafifia. Krismasi hutukuta shule zimefungwa, kwa hiyo sikukuu niliyoweza kuileta ubaoni ilikuwa Idi, nayo ina hesabu yake tayari: zakaatul-fitri, chakula wanachopelekewa maskini. Kwa kila mtu wa nyumba hutolewa pishi moja ya chakula kabla ya sala ya Idi, hata mtoto mchanga, na pishi ni vibaba vinne. Nyumba ya watu 7, vibaba 28. Jedwali zima limo humo.

Niliazima kibaba na pishi kwa mzee mmoja muuza nafaka, nikanunua mchele kilo tano. Watoto wakapanga foleni kupima. Wakristo nao walihesabu watu wa kwao. Mtaa ni mmoja, na pilau ya Idi wanaila wote. Jambo moja tu halikukaa sawa: vibaba vyangu vinne vilifurika pishi, mchele ukamwagika. Nikawaambia tuendelee.

Ubaoni niliandika: Nyumbani kwenu mko wangapi? Mtatoa vibaba vingapi?

Binti mmoja wa dawati la nyuma alikuwa hajaandika kitu. Nikainama kwake. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, sisi hatutoi. Sisi tunaletewa."

Nilibaki na chaki mkononi. Nimefunga Ramadhani tangu utotoni, najua fitri ina anayetoa na anayepokea, na bado nikatunga swali lenye mtoaji peke yake. Liliniuma, na mpaka leo linaniuma.

"Mwaka jana mliletewa ngapi?"

"Pishi sita. Bibi akagawana na mama wa chumba cha pili."

"Mligawanaje?"

Hakujibu. Aliinuka akaenda kwenye mchele, akachota kibaba, akapitisha kiganja juu yake taratibu mpaka punje za ziada zikaangukia gazeti. Mimi nilikuwa nachota mpaka kibaba kinafanya kichuguu.

"Chako cha tele, mwalimu. Bibi anasema wakati wa kugawana ni mfuto, usipofuta kuna atakayepunjwa."

Kisha akanihesabia, bila vidole: pishi sita ni vibaba 24, wao walichukua 10, chumba cha pili 14.

"Kwa nini si 12 kwa 12?"

"Sisi tuko watano, wao saba." Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jina lake. Vibaba viwili kwa kila kichwa. Hesabu ya namna hiyo nilikuwa sijaifundisha bado.

Nikamuuliza kama naweza kuiandika ubaoni bila kusema ni ya nani. Akakubali. Nikafuta swali langu, nikaandika lake: zimeletwa pishi 6, nyumba mbili, moja ina watu 5 na nyingine 7. Darasa likalipuka. Wengi waligawa katikati, wengine wakabisha kwamba wa nyumba ya watu saba watalala njaa, na katika ubishi huo jedwali la nne lilitajwa mara nyingi kuliko wiki nzima iliyopita.

Kabla ya kengele tulirudia kupima, yeye akiwa ndiye anayefuta. Kibaba cha kwanza, cha pili, cha tatu. Cha nne kilijaza pishi hadi ukingoni, na hakuna punje iliyoanguka.